Chumba Kilichosafiri Kitupu

Neema, binti niliyemwachia ufunguo, ndiye aliyeniambia niandike. "Mama Koku, ukiyaweka kichwani utakufa nayo," alisema hivyo hivyo, hata pole hakutanguliza. Vijana wa siku hizi hawazungushi maneno. Basi naandika, nimekaa barazani kwangu hapa Igogo, mguu wa kushoto nimeuegesha juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa sababu goti halitaki tena kukunjwa. Sitaandika nilipanda cheo lini wala mshahara ulikuwaje. Mshahara mnaujua, na asiyeujua aje aliangalie hili baraza.

Nitaandika habari za chumba kimoja tu cha meli, kwa sababu humo ndimo nilimomaliza nguvu zangu, na humo ndimo nilimofanya kosa ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote kazini. Nyinyi mlionikuta mlinijua kama mama wa kufungua mlango. Sikuanza hivyo.

Nilianza kazi melini nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Muleba na sanduku la bati na cheti cha upishi. Meli ilikuwa ya umma. Asubuhi inatoka Mwanza, mchana inafika kisiwani, saa nane inageuza, na jioni watu wako mjini. Siku ya kwanza nilijua nitapelekwa kantini kukaanga mihogo. Badala yake nilipokelewa na mhudumu mkuu, Mzee Masanja, Msukuma wa Magu, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi mpaka mikono inasimama yenyewe. Akanichukua moja kwa moja mpaka mbele, chini ya chumba cha nahodha, mbele ya mlango wa mninga wenye kitasa cha shaba. Juu yake paliandikwa kwa rangi nyeupe: VIONGOZI.

Ndani palikuwa na kochi refu la kumtosha mtu mzima kulala, viti viwili, meza ndogo, feni na pazia la kijani. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma. Mimi mtoto wa kijijini, nikaona kochi, nikakaa kujaribu ulaini wake. Mzee Masanja alinivuta mkono wa blauzi nikasimama kabla sijaegemea.

"Hicho hakikaliwi," akasema. "Kinasubiri."

"Kinasubiri nini?"

"Kiongozi."

"Anakuja leo?"

"Leo hapana. Lakini kinasubiri."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanikabidhi ufunguo, ambao ulikuwa umefungwa kwenye boya la wavu, lile la mbao nyepesi wanalotumia wavuvi. "Ufunguo ukianguka ziwani utaelea," akaniambia. "Ukianguka wewe, shauri yako." Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu elekezi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila safari, narudia, kila safari, nafagia chumba, nabadilisha vitambaa, nachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, najaza chupa, napanga vikombe sita vikiwa vimefunikwa. Kiongozi akija, namhudumia. Asipokuja, tukikaribia gati naibeba ile chupa mpaka nyuma ya meli na kuimwaga ziwani. Mabaharia hawakuruhusiwa kuigusa. Mzee Masanja alisema ukianza na kikombe kimoja leo, kesho utakutwa umelala kwenye kochi na viatu. Kwa hiyo tulimwaga. Sangara wa upande ule wa ziwa wamekunywa maziwa kuliko watoto wangu.

Na viongozi wenyewe walikuwa hawaji mara nyingi. Safari nyingi chumba kilikwenda na kurudi chenyewe, feni inazunguka, pazia limefungwa vizuri, na nje watu wamekaa juu ya magunia ya dagaa hadi kwenye ngazi. Mwanzoni ilinishangaza. Baadaye nikazoea, na nilipozoea nikaanza kukipenda. Mimi ni Mhaya, na Wahaya tunasemwa kwa maringo. Wacha niseme ukweli, chumba kile kilinipa maringo. Vitambaa vyangu vilikuwa vyeupe kuliko vya hoteli. Mzee Masanja alipostaafu na kurudi Magu kwenye ng'ombe wake, aliniachia chumba kama mtu anayeozesha binti. Siku ya mwisho alinisalimia, "Mwangaluka," kama kila asubuhi, akapitisha kidole juu ya meza kutafuta vumbi, hakulipata, akaondoka.

Sasa msidhani nawaandika waheshimiwa kwa ubaya. Siku hizi nikienda sokoni, wauza dagaa wananiuliza, "Mama Koku, wewe uliyewaona kwa karibu, ni haki hawa watu wasafiri kwenye makochi kwa kodi yetu?" Wanataka niseme hapana, wapige makofi. Mimi huwa nawaambia ngojeni kwanza.

Kulikuwa na mheshimiwa mmoja, mbunge, bwana mnene mpole, nitamwita Mheshimiwa tu. Alikuwa anatoka Dodoma kwa gari mwendo wa siku nzima, anakuja kuzika kisiwani, akitoka makaburini ana mkutano na wavuvi, akitoka hapo anarudi mjini na meli. Akiingia chumbani anavua viatu, na soksi yake ina tundu kwenye kidole gumba. Kabla hatujang'oa nanga anakoroma. Mimi nasimama mlangoni nawazuia watu wenye kadi za michango: ya harusi, ya kwaya, ya jezi za timu, hata mmoja alitaka achangiwe pikipiki yake iliyoibiwa. Jamani, mtu yule angekaa nje, angefika Mwanza hana hata shati. Mnaniambia lile kochi lilikuwa anasa? Kwake yeye lilikuwa godoro.

Na yupo mheshimiwa mwingine, mama wa viti maalumu, siku moja alikataa chumba. Akasema atakaa na wananchi. Nikamsifu moyoni. Akaenda akakaa daraja la tatu katikati ya ndoo na matenga, anatabasamu. Nikawasikia wanawake wale wale wanaolalamikia makochi wananong'ona: "Kumbe hana kitu huyu!" "Kiongozi gani anakaa na dagaa? Hata gauni limejikunja." Saa moja haikupita, akaja kwangu macho mekundu, akaniomba nimfungulie. Kwa hiyo chumba kile hawakukijenga wao peke yao. Sisi nasi tulibeba matofali.

Hayo nimeyasema ili mjue kuwa sikuwa na chuki. Tatizo la siku ile halikuwa kiongozi kukaa ndani.

Ilikuwa kiangazi, miaka kama minane kabla sijastaafu. Tuko gatini kisiwani, saa nane kasoro, jua linachoma mpaka chuma cha meli hakishikiki. Nahodha akaniita. Alikuwa amepigiwa simu na msaidizi wa Mheshimiwa, yule yule wa soksi, kwamba bosi wake atapanda, chumba kiwe tayari. Nikabadilisha vitambaa, nikachemsha chai, nikapuliza hata manukato kidogo. Kisha nikatoka kusimama mlangoni na boya langu mkononi.

Ndipo wakaja wanaume wanne wamebeba godoro. Juu yake kuna mzee, mwembamba, ndevu nyeupe, paja lake limefungwa kwa vipande viwili vya mbao na kanga iliyochanwa. Mbao zimepigwa randa vizuri kabisa. Nilikuja kujua kwamba alielekeza mwenyewe zikatweje. Nyuma yao anakuja mwanamke wa miaka thelathini hivi, anamkinga mzee jua kwa tenga.

"Shikamoo, mama," akanisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Kapatwa na nini?"

"Baba yangu. Ni seremala, Mzee Mafuru. Alikuwa juu ya paa la kanisa anapiga kenchi, akaanguka. Tunampeleka hospitali Mwanza." Akavuta pumzi. "Mama, nakuomba. Huko daraja la tatu kumejaa, watu wanamruka, kila anayepita anamgonga mguu. Nimeona hapa mna kochi."

"Hapa ni pa viongozi, mwanangu."

"Nimesoma. Lakini hakuna mtu."

"Anakuja."

"Basi alale mpaka atakapokuja. Akija tunamtoa. Naapa, mama, sisi wenyewe tutamtoa."

Sasa nisikilizeni vizuri nyinyi mnaoshika ufunguo. Nilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia mkubwa mmoja alipanda bila taarifa akamkuta ndugu wa baharia amelala kwenye kochi, na baharia yule akahamishwa kwenda kulinda vyuma chakavu. Mimi nilikuwa na watoto wawili sekondari. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nayo, na ni sababu nzuri. Lakini nilipomwangalia yule mzee, kitu cha kwanza nilichokiona ni tope na damu kwenye ile kanga, na kitu cha kwanza nilichokifikiria ni vitambaa vyangu.

"Chumba kina mwenyewe," nikamwambia.

Yule binti, ambaye jina lake ni Veronika, akawageukia wabebaji. Wakalitua godoro hapo hapo nje, ubavuni mwa mlango, kwa sababu ndipo pekee pasipokuwa na njia ya watu. Kichwa cha mzee kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kitasa.

Tulimsubiri Mheshimiwa nusu saa, abiria wote juani. Kisha msaidizi akapiga tena: bosi amepita kwa gari, atapandia gati la pili, upande wa pili wa kisiwa. Tukaenda. Kila wimbi likigonga ubavu mzee anaguna, na Veronika anamwambia, "Tumekaribia, baba," wakati hata kisiwa hatujakiacha. Gati la pili tukafika. Hakuna mheshimiwa, hakuna gari, hakuna hata vumbi lake. Nahodha akapiga simu, haipatikani. Akasubiri dakika kumi, akang'oa nanga.

Kutoka gati lile mpaka Mwanza hakuna gati jingine. Ni maji tu. Mtu hawezi kupandia katikati ya ziwa. Nililijua hilo. Nahodha alilijua. Zilibaki karibu saa mbili, chumba ni kitupu, feni inazunguka, na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Sikufungua.

Mtaniuliza kwa nini, na nimejiuliza mwenyewe mara nyingi kuliko mtakavyouliza nyinyi. Hofu ya kazi ilikuwepo, lakini hofu ile ingeweza kuisha pale gati la pili. Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Nilikuwa nimeshasema hapana. Kumrudia yule binti na kumwambia haya, mwingize, ilikuwa ni kukiri kwamba hapana yangu ya kwanza haikuwa na maana. Nikashindwa kumwangalia machoni. Basi nikafanya nini? Nikafungua mlango kidogo, nikapenya, nikaufunga nyuma yangu. Nikakaa ndani peke yangu. Si kwenye kochi, loo, kochi halikaliwi! Nilikaa kwenye kiti, nikawa napangusa vikombe visivyotumika, na mzee wa watu anaguna upande wa pili wa ubao. Nilimsikia njia nzima. Tulipoanza kuona mawe ya Mwanza nilitoka kwa kichwa kikiwa chini, nikaibeba chupa nyuma ya meli, nikamwaga chai. Nilipogeuka, Veronika alikuwa ananiangalia. Alikuwa ameiona chai yote ikienda majini.

Wakamshusha, wakampakia kwenye pikapu, wakaenda. Kama alifika salama, kama alikatwa mguu, kama alikufa, sikujua. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Kesho yake nilimpandia nahodha juu. Nikamwambia, "Nahodha, kuanzia leo tukitoka gati la mwisho bila kiongozi, mimi namfungulia mgonjwa. Ukitaka kuniandikia barua ya onyo, niandikie sasa hivi."

Akakuna kichwa. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mimi niko huku juu naangalia mbele," akasema. "Ya chini siyaoni."

Hiyo ilinitosha. Na kiongozi akiwemo nilianza kufanya jambo ambalo Mzee Masanja angezimia: nilibisha hodi na kuuliza. "Mheshimiwa, samahani, nje kuna mama ametoka kupasuliwa. Aingie akae hapa?" Mnajua walijibuje? "Haa, kumbe! Mwingize haraka!" Mkuu mmoja alimpisha bibi kochi lote, yeye akasafiri kwenye kiti amekumbatia faili. Miaka yote iliyobaki alikataa mmoja tu, na huyo naye alikuwa na mafua. Wengine wote walikubali. Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa amewahi kuwauliza. Sisi wa chini tulikuwa tunawalindia makali ambayo wengi wao hawakuwa nayo.

Nikalithibitisha siku moja. Uchaguzi ulishapita, na Mheshimiwa wa soksi aliangushwa kwenye kura za maoni, hata jina lake halikufika mbali. Miezi kadhaa baadaye tukiwa gatini Mwanza, nikamwona anapanda, amebeba begi lake mwenyewe. Akaja moja kwa moja mbele, mpaka kwenye mlango wa mninga, akasimama. Mikono nyuma. Anasubiri afunguliwe.

Mawe! Ndivyo tunavyomaka sisi Wahaya. Nilitamani sitaha ipasuke. Mtu amesahau. Miguu ilimpeleka yenyewe, kama ng'ombe anavyoijua njia ya zizi. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakaanza kucheka chini chini, na mmoja akasema kwa sauti, "Aliye juu mngoje chini!" Ndipo akashtuka. Akasoma yale maandishi juu ya mlango kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza, uso ukamshuka.

Nilikuwa na hasira naye ya miaka. Lakini mtu mzima akiaibika mbele yako, hasira inakwenda wapi? Nikamfuata nikasema kwa sauti ili wale wajinga wasikie, "Karibu, mzee wangu, nilikuwa nakutafuta." Nikampeleka kantini, nikampa kreti la soda akalie, nikamimina chai.

"Nashukuru, mama, lakini chai sinywi," akasema. "Nina vidonda vya tumbo. Tangu ujana."

Nikabaki nimeshika chupa. "Hunywi chai? Mheshimiwa, mimi nimekuchemshia chai miaka kumi!"

"Nilikuwa naiona. Niliogopa kukwambia, ulikuwa unaipanga vizuri."

Tulicheka wote wawili, mpaka machozi. Kisha nikaacha kucheka, nikamwambia habari za ile siku. Nilimweleza yote, mzee, paja, gati la pili. Alinisikiliza akiwa ameshika tama.

"Siku hiyo nilipata msiba njiani," akasema. "Nikageuza, nikapita barabara nyingine. Nilimwambia kijana wangu awapigie. Hakuwapigia?"

"Hakupiga."

"Mama Koku, mimi nilidhani nisipokuwepo kinatumika. Miaka yote. Nilidhani watu wanakaa."

Nikamwamini, na bado namwamini. Kosa lake ni kwamba hakuwahi kugeuka nyuma kuangalia mlango baada ya kushuka. Ndiyo maana wauza dagaa wakiniuliza nawajibu hivi: kiongozi aliyechoka apewe pa kulala, kazi yao si lelemama. Lakini mwenye kiti akishakosekana, kiti ni cha aliyechoka zaidi, na mtu asiandikiwe barua kwa kukitoa. Wanaguna, wanasema Mama Koku umehongwa. Nami nawaambia nipunguzieni bei ya dagaa.

Nilistaafu. Nikamkabidhi Neema ufunguo na boya lake, boya lile lile, limepauka. Wiki ya pili nyumbani nikaanza kukosa usingizi. Kazini unakuwa na shughuli. Nyumbani unabaki na mzee wa watu anaguna. Nikajisemea, Kokushubira, utakufa hujui kama yule mtu alikufa? Asubuhi nikavaa gauni la kanisani, nikakata tiketi kama abiria.

Neema aliponiona ninapanda ngazi kwa kujikokota, alifungua mlango wa mninga. "Ingia, mama. Leo hatuna kiongozi." Nikamwambia sitaingia. Nilikaa nje, ubavuni mwa mlango, juu ya gunia, mahali palipokuwa na lile godoro. Jua la pale halina huruma.

Kisiwani niliuliza tu, "Mzee Mafuru seremala?" nikawa nasubiri mtu aseme "marehemu". Kijana wa bodaboda akanijibu, "Yule mwenye fimbo? Panda." Nusura nimkumbatie.

Nikamkuta chini ya bati la karakana yake, amesimama, mzima, fimbo imeegeshwa mezani, anapiga randa. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo. Veronika alikuwa anafagia maranda. Akanitambua mara moja. Akasimama wima na ufagio.

Nikamwamkia mzee, nikajitambulisha kwamba nilikuwa mhudumu wa meli, siku ile aliyopelekwa Mwanza na paja limevunjika. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi tangu Igogo. Hakunipa nafasi. Uso wake ulifunguka kwa furaha.

"Wewe ni wa meli ile! Ee Mungu, afadhali umekuja, nina jambo nimetaka kuuliza miaka mingi." Akaweka randa chini. "Kulikuwa na mtu ndani ya chumba kile. Mwanangu aliniambia kina mwenyewe. Na mimi nilimsikia, nilikuwa karibu na mlango, nilisikia vikombe. Nikajiuliza, mtu mzima mwenye afya yake anisikie ninavyolia hivi, asifungue hata kuchungulia? Haiwezekani. Nikajua tu, huyu anaumwa kuliko mimi. Hawezi hata kuinuka. Basi nikamwombea. Rozari nzima, mpaka Mwanza." Akanisogelea. "Alipona?"

Veronika alikuwa ananiangalia juu ya ufagio wake. Niliona midomo ya mzee inasubiri habari njema. Ningeweza kusema alipona, ningekunywa maji, ningerudi zangu nyumbani.

"Baba," nikasema, "chumbani hamkuwa na mgonjwa. Kiongozi hakuja. Mle ndani nilikuwemo mimi. Sikuwa naumwa."

Aliniangalia usoni, kisha akaniangalia mikono, kisha macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye goti langu, ambalo lilikuwa limevimba kwa safari na kunitetemesha mguu mzima.

"Lakini sasa unaumwa," akasema.

Machozi yakanitoka hapo hapo, mtu mzima mimi, mbele ya watu. Yeye akachukua fimbo yake, akachechemea mpaka pembeni, akavuta kiti kipya cha mninga, cha mikono, kimepakwa vanishi hata hakijakauka vizuri mgongoni. Akakiweka mbele yangu.

"Kaa."

"Baba, hiki ni cha mteja."

"Ni cha ofisi ya kata, cha diwani. Anakuja kukichukua leo. Kaa."

"Na akija?"

"Akija atasubiri."

Nikakaa. Veronika akaweka ufagio chini, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai, akanipa kwa mikono miwili.